Kabla hujamgusa mtoto, mtazame

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya watoto, nimeyasikia tena kwenye raundi: "Makuzi ni ya kawaida." Nikauliza, ya kawaida kwa umri gani, na wewe umeona nini? Kimya. Someni haya basi, nawaomba.

1. Umri kwanza. Njiti aliyezaliwa wiki ya 32 ya ujauzito, yaani karibu miezi 2 kabla ya wakati, akifikisha miezi 8 mpime kama wa miezi 6. Hesabu hiyo inaendelea mpaka atimize miaka 2.

2. Stetoskopu isubiri. Mtoto wa miezi 9 huogopa wageni, na ndivyo inavyotakiwa. Ukimvamia atalia, na akilia hutaona kitu. Mwacheni mapajani kwa mama, mpeni cha kushika, mtazame. Mwanafunzi mmoja alianza hivyo, vizuri kabisa. Akatoa kipande chekundu cha mbao, mtoto wa miezi 9 akakidaka kwa mkono wa kushoto. Akarudia, kushoto tena. Mama akacheka: "Huyu kamrithi babu yake." Mwanafunzi naye akacheka, akaandika "anatumia kushoto, makuzi ya kawaida", akafunga faili. Nikakishika kile kipande upande wa kulia. Mtoto akajipinda kiwiliwili kizima ili akifikie kwa kushoto, ngumi ya kulia imekunjwa, kidole gumba kiko ndani. Jamani, mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka! Akiuchagua, ulizeni huo mwingine una nini. Huyu alikuwa na mtindio wa ubongo ulioathiri upande mmoja wa mwili. Dalili ilishaandikwa, tena kwa mwandiko safi, na bado angerudishwa nyumbani bila kuanzishiwa mazoezi ya viungo.

3. Amechelewa kusema? Apimwe masikio, hata kama nyumbani wanaapa kwamba anasikia.

4. Msiwatishe wazazi bure. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18 hivi, kwa hiyo wa miezi 14 anayetambaa vizuri ana nafasi yake. Ila aliyekuwa na maneno akayapoteza, huyo hasubiriwi, awe na umri wowote.

5. Mama akisema "huyu si kama wenzake", andikeni maneno yake yalivyo. "Watoto hutofautiana" si jibu la kumpa mtu ambaye mwanawe hujampima.

Raundi ijayo kila mmoja aje na mtoto mmoja aliyemtazama dakika kumi bila kumgusa. Nitaanza kuuliza kuhusu mikono.