Inchi hazina neno, hesabu pikseli

Ndugu wa Kondele, umeuliza kama ukitoa skrini yako ya inchi 19 uweke ya inchi 27, gemu zitaanza kukwama. Inchi zenyewe hazina neno. Kadi ya grafiki haijui upana wa kioo. Inachojua ni pikseli ngapi, yaani vidoti vinavyounda picha, itachora kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu.

Hiyo yako umesema ni 1366 kwa 768, yaani pikseli 1,049,088. Ukihamia 1920 kwa 1080 zinakuwa 2,073,600, karibu mara mbili, kwa hiyo fremu kwa sekunde zitapungua kiasi. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ile ya 4K, yaani 3840 kwa 2160? 8,294,400! Kwa kadi yako yenye memori ya GB 2, hiyo ni kupandisha matatu iliyojaa mlima wa Riat kwa gia ya nne.

Najua kwa sababu niliuziwa ya 4K Nakuru na jamaa aliyeniapia kuwa "itafungua gemu zote". Kufungua ilifungua, ila picha zilikuja moja moja kama albamu ya harusi. Nikashusha mpaka 1080, ikatembea, lakini kwa ukungu kidogo.

Chukua inchi 24 ya 1080. Kwa inchi 27 pikseli hizo hizo zinatanuka, na ukikaa karibu utaona vidoti.

Kabla hujatoa pesa, ingia kwenye mipangilio ya gemu ushushe idadi ya pikseli (resolution) kwenye skrini uliyo nayo. Fremu zisipoongezeka, yaelekea anayekuchelewesha ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wala si kadi.