Digrii moja inatosha EB-2?

Ndugu, umeuliza kama digrii moja ya uhandisi na miaka 7 ya kazi Dar inatosha kuomba EB-2 (green card ya Marekani kwa wataalamu wenye elimu ya juu) bila masters. Inatosha, ila usihesabu haraka. Wanataka miaka 5 baada ya kuhitimu, na kazi iwe imepanda: majukumu ya mwaka wa tano yasifanane na ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wengi hukwama. Ile barua ya "alikuwa mfanyakazi mwaminifu, tunamtakia kila la heri" haikusaidii kitu. Mwombe bosi aandike ulianza lini, ulisimamia mradi gani, ulikuwa na watu wangapi chini yako. Digrii nayo ikapimwe kama inalingana na ya kwao.

Kikawaida mwajiri wa kule ndiye anayekuombea, na nafasi yenyewe lazima idai elimu ya kiwango hicho, si wewe tu kuwa nayo. Huna mwajiri? Ipo NIW (kusamehewa sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa): unajiombea mwenyewe kwa fomu I-140, lakini uonyeshe kazi yako ina uzito kwa taifa lao zima. CV nzuri peke yake haitoshi hapo.