Ukipewa barua ya kuachishwa jeshi, muone wakili kabla hujasaini

Juzi dada mmoja wa Igoma ameniandikia. Mdogo wake alikwenda Marekani kwa grini kadi, akajiunga na jeshi la nchi kavu, na sasa amepewa barua ya kuachishwa. "Kaka, atafungwa?" Hafungwi, dada yangu. Huko ni kuachishwa kiutawala, hakuna mahakama ya kijeshi hapo. Ila makaratasi yake yatamfuata maisha yote.

Mimi yalinikuta. Goti liliumia, nikashindwa jaribio la mazoezi, nikarudia nikashindwa tena. Kikosi kikaniandikia chini ya Sura ya 13 ya kanuni ya AR 635-200, inayohusu utendaji usioridhisha. Sajini akaniwekea karatasi mezani, kidole juu ya mstari wa sahihi: saini uwahi kwenu. "Uwahi kwenu" ile inaniuma hadi leo. Nikamjibu nataka wakili kwanza. Mawakili wa utetezi wa jeshi hawalipishi, na kuwaona ni haki yako. Nikaandika maelezo yangu, nikaambatanisha vyeti vyote vya daktari.

Wakanitoa hivyo hivyo, tena si kwa daraja la heshima kamili bali lile la chini yake. Matibabu ya maveterani unabaki nayo, lakini fedha za masomo za GI Bill huzipati. Nikarudi Mwanza. Pale mwaloni Kirumba mtu akaniita "mwanajeshi aliyefukuzwa" mama yangu akisikia, mikono imejaa dagaa.

Mwaka huu bodi ya mapitio ya jeshi, inayopitia upya daraja la kuachishwa, imenipandisha: heshima kamili! Niliwatumia fomu DD 293 pamoja na maelezo yale yale na vyeti vile vile. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Kwa hiyo mdogo wangu, wakili kwanza, kalamu baadaye. Ukiwa na miaka 6 au zaidi ya utumishi una haki ya kusikilizwa na bodi kabla hujaachishwa. Usiiachie eti umechoka na kambi. Tunza nakala za kila kitu. Sisi tumelelewa kumtii mkubwa, na ni malezi mema, lakini mkubwa akikuharakisha kusaini, mwambie kwa adabu kwamba utasaini ukishashauriwa. Nawe uliyekwisha kutoka, angalia tarehe ya kuachishwa kwenye DD 214 yako, ile hati ya kutoka jeshini: bodi ya mapitio inapokea maombi ndani ya miaka 15. Ikishapita, peleka kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi.