Maswali yenu: nani huchora sura ya kichwa cha treni ya umeme?

Mbunifu wa viwandani ana kazi gani kwenye kichwa cha treni? Si mambo ya mainjinia hayo?

Mota, transfoma na magurudumu ni ya mainjinia. Mbunifu hupewa ganda, rangi, madirisha na mahali pa kukaa taa. Lakini ganda hugharimu fedha, na hapo ndipo neno lake hupata uzito. Tazama GG1, kichwa cha umeme cha reli ya Pennsylvania, Marekani. Kichwa cha kwanza, namba 4800, kilitoka mwaka 1934 kikiwa kimeungwa kwa ribiti mwili mzima, kama mtu aliyeota vipele. Mbunifu wa viwandani Raymond Loewy alipoitwa akashauri mabati yachomelewe, yawe ngozi moja laini. Ulikuwa ushauri wa urembo, kumbe ulipunguza na kazi ya kiwandani. Vichwa 138 vilivyofuata hadi 1943 vilijengwa hivyo. Akaongeza mistari mitano ya dhahabu juu ya kijani kilichokoza hadi kukaribia weusi.

Basi Loewy ndiye aliyebuni GG1?

Hapana, ingawa sifa zilimwendea yeye kwa miaka mingi. Alipofika, umbo lilikwisha kuwapo, na anayestahili kutajwa hapo ni Donald Dohner, mbunifu aliyefanya kazi Westinghouse, kampuni ya vifaa vya umeme. Loewy alilisafisha umbo hilo, tena vizuri sana. Ila alijua pia kujinadi, na Dohner hakuwa na kipaji hicho.

Mbona chumba cha dereva cha GG1 kiko katikati?

Usalama. Vichwa vya P5a vilivyotangulia vilikuwa masanduku, dereva kakaa mbele kabisa. Ajali kwenye makutano ya reli na barabara ikaua wahudumu wa treni, na kampuni ikaamua kuwarudisha nyuma ya pua ndefu. Pua hiyo tunayoisifia leo ilianza kama ngao.

Je, ganda hilo liliwahi kuleta shida?

Februari 1958. Theluji kavu, laini mno, ilipenya vichujio vya matundu ya kuvutia hewa, ikaingia kwenye mota na kuyeyuka humo. GG1 nyingi zikazimika kwa pamoja. Baadaye baadhi zilihamishiwa matundu hayo juu, karibu na vikono vya kunasa umeme. Hazikupendeza tena kama zamani, lakini zilitembea.

Vichwa vya Ufaransa vyenye vioo vilivyoinama kinyume ni vya nani?

Paul Arzens, mchoraji wa picha aliyegeukia magari na treni. Alianza mtindo huo na CC 40100 mwaka 1964, kisha CC 6500 na vinginevyo. Kioo kinachoinamia ndani hupunguza mng'ao wa jua machoni mwa dereva. Kwangu mimi hakuna kichwa cha treni kilichosimama stesheni kikaonekana kinakimbia kama hivyo.

Na Mchongoko wetu, treni ya umeme yenye pua ndefu ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, ile pua ina faida au ni mbwembwe?

Vyote viwili. Kwa kilomita 160 kwa saa hewa hudai umeme wake, kwa hiyo pua hiyo inasaidia. Lakini vichwa vya kawaida vya SGR vyenye uso uliosimama zaidi navyo vinavuta mabehewa Dar hadi Dodoma bila wasiwasi, na abiria wengi bado wanataka kupiga picha na Mchongoko.