Maswali ya Wasomaji: Kupima njaa kwenye kambi za vibarua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Ubaruku, Mbarali. Tunasaidia utafiti wa uhaba wa chakula kwa vibarua wa mpunga wanaotoka wilaya nyingine. Dodoso lina maswali tisa ya wiki nne zilizopita. Siku ya majaribio karibu wote walijibu "hatuna shida", huku jioni sufuria zina uji mwepesi tu. Kasoro iko wapi?

JIBU: Tazameni kwanza mlikwenda saa ngapi na nani alikuwa karibu. Saa nne asubuhi kambini utamkuta mpishi na mgonjwa. Wengine wako majarubani tangu alfajiri. Nendeni jioni au Jumapili, na mhojiwa akae mbali na msimamizi. Kibarua anayelipwa kwa ngwe hatasema ana njaa mbele ya mtu anayemgawia ngwe ya kesho. Tena mwambieni mapema kwamba hamgawi chakula, maana kuna anayeficha na kuna anayezidisha akitumaini msaada.

Kosa la pili ni muda. Aliyefika siku kumi zilizopita akijibu kuhusu wiki nne, sehemu kubwa ya jibu ni ya Makete au kokote alikotoka. Andikeni tarehe ya kufika kabla ya swali la kwanza, na wageni wa chini ya wiki nne wachambuliwe peke yao. Kwa hao tungependelea kipimo cha siku saba, chenye mbinu tano za kukabili uhaba wa chakula: kula chakula cha bei rahisi (uzito 1), kuazima au kusaidiwa chakula (2), kupunguza kiasi cha mlo (1), watu wazima kujinyima ili watoto wale (3), kupunguza idadi ya milo (1). Zidisha siku ambazo kila mbinu ilitumika kwa uzito wake, kisha jumlisha. Juu kabisa ni 56. Unga wa mkopo kutoka kwa mwajiri, unaokatwa kwenye ujira, huvuruga sana hapa. Kubalianeni kabla ya kuanza kama ni kuazima au ni sehemu ya malipo, la sivyo kila mdodosaji atajaza lake.

Mkibaki na maswali tisa, msiruke maneno "kwa sababu ya kukosa chakula au fedha". Bila hayo, aliyefunga au aliyekosa hamu kwa malaria anahesabiwa mwenye njaa. "Mara chache" ni mara 1 hadi 2, "wakati mwingine" 3 hadi 10, "mara nyingi" zaidi ya 10. Alama ni 1, 2 na 3, na jumla haizidi 27.

Kaya je? Daftari la kitongoji halina watu hawa, kwa hiyo sampuli ikitoka humo wanapotea wote. Chora ramani ya mabanda pamoja na mwenyekiti, na uhesabu kama kaya wale wanaochangia chungu kimoja, hata wasipokuwa ndugu. Ongezeni swali moja la afya: siku ngapi alikosa kazi kwa ugonjwa? Siku bila ngwe mara nyingi ndiyo siku bila mboga. Msimu nao uandikwe: wakati wa kupandikiza haulingani na wakati wa kuvuna, ambapo wengine hulipwa mpunga wenyewe.

SWALI: Nipo Mufindi, mkoani Iringa, kwenye mashamba ya chai. Tunapima mzunguko wa mkono kwa utepe. Mtoto mmoja, wapimaji wawili: sentimita 12.1 na 12.8. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pengine hakuna. Ni mkono wa kushoto. Kiwiko kikunjwe, pima toka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama katikati, kisha mkono ulegee chini ndipo utepe uzungushwe bila kubana nyama. Kwa wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Wapimaji wenu wanatofautiana kuvuka mpaka wa 12.5, kwa hiyo wafanye mazoezi upya kabla ya kuendelea. Utepe huu hauoni udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, na Iringa ndiko tatizo liliko: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, nchi nzima 30, ingawa mkoa unalima chakula kingi. Pimeni na urefu. Na miguu yote miwili ikibaki na kishimo baada ya kubonyezwa kwa kidole gumba, mpeleke kituoni siku hiyohiyo, utepe usome chochote.