Dada yangu kafariki ghafla, nataka nifunge biashara nimtumikie Mungu

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 38, naishi Pasua, nauza mitumba soko la Memorial. Nina mume na watoto watatu. Februari dada yangu alianguka kwa presha, siku ya pili akafariki, akiwa na miaka 44. Tangu hapo naona nimechezea maisha. Nimeingia kwaya ya pili, mkesha wa Ijumaa sikosi, na nipo kamati mbili za harusi za usharikani. Mume wangu anasema nyumba imekuwa gesti. Mama yupo Machame, sijapanda tangu Krismasi. Moyo unanituma nifunge kibanda niwe mtumishi moja kwa moja kabla siku zangu hazijaisha. Nifanyeje? – Mama N., Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Kibanda usifunge. Wathesalonike nao walimtazamia Bwana arudi wakati wowote, na baadhi yao waliacha kazi wakabaki kuzunguka wakijishughulisha na mambo ya wengine. Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3).

Zaburi ya 90 tunaisikia sana misibani, na wengi hubaki na ile miaka sabini, au themanini tukiwa na nguvu, wakaondoka na hofu. Ombi lenyewe lipo mstari wa 12: “Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima.” Haya, tuhesabu.

Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 kila siku, 49. Kibandani saa 10 kwa siku 6, 60. Njiani saa moja kwa siku hizo, 6. Kupika, kufua, kuogesha watoto na kukagua madaftari yao, saa 3 kila siku, 21. Jumla 136, zinabaki 32. Sasa weka kanisa. Ibada ya Jumapili pamoja na mnada wa sadaka na vikao vya baada yake, 5. Kwaya mbili, kila moja mazoezi mara mbili ya saa mbili mbili, 8. Mkesha kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, 7. Jumuiya, 1. Kamati mbili za harusi, 6, maana kikao kilichoitwa saa 10 huanza saa 12, unajua mwenyewe. Hapo ni 27. Simu, kwa mtu mwenye magrupu yote hayo, naiwekea saa 2 kwa siku: 14. Umefika 41, na ulikuwa na 32. Hizo 9 za ziada unazichota kwenye usingizi wako na kwa watoto.

Nimekisia kutokana na barua yako. Zako halisi ziandike wiki nzima, kila usiku kabla ya kulala, bila kubadili chochote. Wengi huharibia hapo: siku ya pili wanaanza kujirekebisha, na daftari linamwonyesha mtu mwingine kabisa.

Najua utanijibu kwa Waefeso 5:16, “mkiukomboa wakati.” Endelea kusoma usiishie hapo. Baada ya mistari michache Paulo anaingia nyumbani: mke na mume, watoto na wazazi, kisha watumwa na mabwana zao. Mume aliyesema nyumba imekuwa gesti amekusomea sura hiyohiyo kwa maneno yake. Na kuhusu mama, soma Marko 7, pale Yesu anapowakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, wakapata sababu ya kutowasaidia wazazi. Muda nao unaweza kufanywa Korbani.

Kwa hiyo punguza. Baki na kwaya moja, ile uliyoanza nayo. Ya pili, nenda kwa mwalimu na mwenyekiti ana kwa ana, wape tarehe ya mwisho iliyo baada ya tukio mlilokwisha kulifanyia mazoezi. Kuaga kwa ujumbe wa grupu huzaa maneno, na kupotea kimyakimya huzaa zaidi. Kamati za harusi, toa mchango wako mapema kwa mweka hazina, kisha uombe kutoka kwenye vikao. Mkesha ufanye mara moja kwa mwezi. Asubuhi chukua dakika 20 kabla ya kugusa simu. Marko ina sura 16, sura moja kwa siku inatosha. Ukijipangia saa nzima ya alfajiri utachoka mapema, kisha utajiona umemwasi Mungu kumbe umekosa usingizi.

Suala la mkesha lina upande mwingine. Mwenye ndugu wa damu aliyekuwa na presha yumo kwenye hatari zaidi, na mara nyingi presha haionyeshi dalili. Pima zahanati, siku mbili tofauti, ukiwa umekaa umetulia dakika 5. Ikisoma 140/90 au zaidi siku zote mbili, onana na daktari. Kukosa usingizi mara kwa mara huipandisha.

Kama kifo kimekushtua, kifanyie kazi yake pia. Hakikisha jina la mrithi kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ni lile unalolitaka leo, na wosia uandike mbele ya mashahidi wasiorithi chochote. Ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuuandika na kuutunza.

Huzuni ya dada yako nadhani hujaikalia bado; ratiba iliyojaa hivyo haikupi nafasi ya kulia. Omba nafasi kwa mchungaji, wewe naye tu, nje ya maombi ya kikundi.

Jumamosi moja kila mwezi funga kibanda mapema, chukua watoto, pandeni Machame mlale, Jumapili msali na bibi yao usharika wa huko. Mwambie ratiba hiyo mwalimu wa kwaya tangu sasa. Watakaosema umepoa kiroho watakuwepo. Waambie, “Wikiendi hii nipo kwa mama,” na usiongeze maelezo.