Jiwe linalokwaruza chupa: ni almasi?

SWALI: Nimeokota kijitoni jiwe jeupe, upande mmoja linapitisha mwanga. Linakwaruza chupa. Rafiki yangu anashikilia kuwa ni almasi, kaka yangu anasema ni jiwe la chokaa tu. Nani mkweli?

JIBU: Kwanza lowesha kidole, ufute ule mkwaruzo. Ukifutika, ulikuwa unga wa jiwe lenyewe. Ukibaki, kaka yako ameshakosa. Jiwe la chokaa ni kalisaiti, yenye ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 laini kabisa hadi 10 gumu kabisa), na kioo ni kama 5.5. Akibisha, mwonyeshe tone la siki: kalisaiti hutoa vipovu, jiwe lako litatulia.

Rafiki yako naye, mwambie chupa haithibitishi almasi, maana mawe mengi huikwaruza. Chukua msasa wa kusugulia chuma, usugue pembeni. Almasi, yenye ugumu wa 10, haitaguswa. Kwatzi, madini ya kawaida sana yenye 7, itapata michubuko.

Nadhani unayo kwatzi, ila kuna jiwe moja la kuliondoa kwanza, nalo hudanganya watu wengi: feldispa. Ugumu wake ni 6, kwa hiyo nayo hukwaruza chupa, na mara nyingi ni nyeupe vilevile. Hapo tazama lilipovunjika. Feldispa hupasuka kwa nyuso bapa zinazokutana karibu pembe mraba. Ukiigeuza juani, uso mzima humeta kwa mpigo mmoja. Kwatzi haina mpasuko wa namna hiyo. Huvunjika kwa mikunjo laini, kama ndani ya gamba la kombe. Mimi huamini alama hii kuliko rangi, kwa sababu rangi ya kwatzi hubadilika ovyo: weupe wake mara nyingi ni vimiminika vilivyonaswa katika vitundu vidogo mno, na amethisto ya zambarau ni kwatzi ileile yenye chembe za chuma zilizopigwa na mionzi ya miamba.

Usilipondeponde, tafadhali, vumbi lake huharibu mapafu. Tafuta badala yake kama limebakiza nyuso mbili za nguzo yenye pande sita, umbo ambalo fuwele ya kwatzi hukua nalo. Mwanasayansi Nicolas Steno aliandika mwaka 1669 kwamba pembe za fuwele hazibadiliki, iwe ndogo au kubwa. Kati ya nyuso mbili za nguzo zinazopakana, protrakta yako isome digrii 120. Niandikie umepata ngapi.